Baba Yangu Aliyekuwa Mdogo Kwangu

Watu wakiniona nimekaa mbele ya duka langu la Mlali, lori langu limeegeshwa pembeni, hudhani nilizaliwa hivi. Sikuzaliwa hivi. Nilizaliwa juu, mahali ambapo hata mbuzi hutazama kwanza anapokanyaga, na shule niliyosoma ni ya miezi mitatu, nikaondoka nikijua kuandika jina langu na nusu ya jina la mwalimu. Mengine yote, lori, duka, nyumba ya bati yenye vyumba sita, hata mwandiko huu mnaousoma, nimejitafutia mwenyewe. Nasema bila haya kwa sababu ni kweli. Ila kuna kitu kimoja sikujitafutia. Nilipewa, na aliyenipa alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, mwenye funza katika vidole vitatu vya mguu wa kushoto, ambaye kila asubuhi nilimpigia magoti nikamwambia shikamoo baba.

Wakati wa Mdachi, reli ilipokuwa inakuja Morogoro kutoka pwani, sisi kule juu tulipata habari zake kama watu wanavyopata habari za bibi harusi: leo yuko hapa, leo amelala pale, kesho ataingia. Kila aliyeshuka kuuza ndizi alirudi na jambo. Mmoja alisema chuma kinalazwa juu ya magogo kama ngazi iliyoanguka. Mwingine alisema gari lenyewe linakunywa maji kuliko ng'ombe mia. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi na mitano, ndevu zangu bado ni fununu, na kila nikisikia hayo miguu iliniwasha.

Baba hakutaka. Alikuwa amebeba mizigo ya Wadachi safari tatu, na ile ya mwisho alirudi na bega limeshuka upande mmoja kama mlango mbovu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kabla ya kusema jambo kubwa alikohoa mara mbili, kavu, kho kho, na nyumba nzima ikanyamaza, hata kuku. Siku nilipomwambia nakwenda Kingolwira kubeba udongo wa reli, alikohoa mara mbili akasema:

"Ukishuka bila neno langu, usipande."

Hakupaza sauti. Akaendelea kuchonga mpini wa jembe. Nami kesho yake nikashuka kabla jua halijatoka, na viazi viwili nimevifunga katika nguo.

Kingolwira sikuwa mtu wa mchezo. Nilibeba karai la udongo kichwani toka asubuhi mpaka jioni, nikawapita wanaume wenye wake wawili, na mnyapara wetu, mtu wa pwani mwenye kiboko kirefu, aliniweka mbele ya mstari ili wengine waone aibu. Malipo yangu ya kwanza sikula. Nilinunua kikombe cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu. Kilikuwa cha baba. Nilikuwa nimeshapanga hata namna atakavyokipokea: atakigeuza, atachungulia ndani, atagonga kwa ukucha asikie mlio, kisha atakohoa mara mbili aseme ingia ndani.

Siku moja akatokea mtu wa kwetu aliyekuja kuuza ndizi kambini. Akaniita pembeni. Akaniambia pole ya baba. Kichomi, siku tatu tu, na wamekwisha kumzika.

Sikulia. Nilirudi kwenye karai. Siku ile nilibeba kuliko siku zote, na mnyapara akanisifu mbele ya watu, nikacheka. Lakini usiku na mchana lile neno likawa linazunguka kichwani: usipande. Mtu aliye hai anaweza kulirudisha neno lake akishiba. Aliyekufa atalirudishaje? Nyumbani ni juu. Nitafikaje kama sipandi?

Hapa inanibidi nieleze desturi yetu, maana wasomaji wengine ni wa tambarare. Sisi Waluguru ukoo hufuata mama. Mimi ni wa ukoo wa mama yangu, si wa baba. Na kwetu mtu hafi akaondoka na jina lake. Siku ya kumaliza matanga ukoo wake humchagua mmoja, ndugu yake au mtoto wa dada yake, wakamvika nguo za marehemu, wakamketisha kwenye kigoda chake, wakampa jina. Kuanzia hapo yeye ndiye. Watoto wa marehemu ni watoto wake. Maneno ya marehemu ni maneno yake, aliyofunga anaweza kuyafungua.

Basi yule muuza ndizi aliponiambia matanga yatamalizwa wiki inayofuata, moyo wangu ukapata pa kuweka mguu. Nilijua nani atapewa jina: baba mdogo, mdogo wake baba, mtu mpole ambaye kwa ugoro kidogo tu angekusamehe hata kama umemchomea nyumba. Nikaomba ruhusa, nikafunga kikombe changu, nikapanda. Kila kona ya njia niliomba radhi kwa sauti, endapo mwenyewe anasikia.

Nilifika mchana, ngoma zinalia, vyungu vya togwa vimepangwa uani. Nikapenya katikati ya watu kwenda kumpigia magoti baba mdogo. Na pale kwenye kigoda cha baba, ndani ya kanzu ya baba iliyojikunja chini kama ngozi ya nyoka, na kofia ya baba iliyomfika puani, amekaa mtoto wa shangazi yangu, anatafuna firigisi. Firigisi ya kuku, fungu la mwenye nyumba, ambalo mimi mwenyewe katika maisha yangu yote nilikuwa nimelinusa tu.

Huyu mtoto nilimjua vizuri. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka minne. Nilimfundisha kuogelea kwa kumsukuma. Nilipokuwa nataka mhogo wake nilikuwa nachukua. Basi sikufikiri. Nilimpiga kofi.

Lilikuwa kofi zuri, mkono uliozoea karai. Kofia iliruka ikaingia kwenye chungu cha togwa. Ngoma zikakatika. Kisha mtani mmoja wa ukoo wao, mwanamke mwenye sauti ya filimbi, akauliza watu kwa utaratibu kabisa kama wameona anachokiona yeye: mtoto katoka kwenye reli, hata hajanawa miguu, kampiga baba yake. Watani wote wakaangua kicheko. Wakaanza kuigiza. Mmoja akawa mimi, mmoja akawa kofia. Mzee mzima alijitupa chini akijifanya togwa.

Shangazi hakucheka. Alikuwa dada yake baba, na mama wa yule mtoto, mwanamke mfupi ambaye wanaume warefu walimpisha njia. Baba mdogo, nikaambiwa, alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya Wadachi kwenda bara, hata haijulikani yuko wapi, na jina haliwezi kukaa nje kama jiwe. Shangazi akanisogelea mpaka pua zetu zikakaribiana, yaani pua yangu na kilemba chake.

"Ndugu yangu huyu ndiyo kwanza amerudi," alisema, "nusu siku haijapita, umeshampiga."

Nikahukumiwa hapo hapo. Kuku mmoja. Magoti chini. Na kila asubuhi shikamoo, mpaka baba mwenyewe atakaporidhika. Nikamwuliza kwa sauti ndogo, na lile neno jingine je, la kushuka na kupanda? Shangazi akasema hilo ni la mtu na baba yake, akaelekeza kidevu kule baba yangu alikokuwa. Alikuwa anaopoa kofia yake kutoka kwenye togwa na kuikamua kinywani.

Yule mtoto hakupoteza wakati. Kesho yake asubuhi alikuwa amekaa kigodani kabla sijaamka, ananisubiri. Nikapiga magoti. Akaitikia marahaba kwa sauti nene aliyoitoa sijui wapi, akanitazama kuanzia utosini mpaka kwenye visigino, akasema nimekonda, reli hainifai.

Mama ndiye aliyenishangaza. Wiki nzima alikuwa amekaa kimya karibu na mafiga, macho yamevimba, lakini mtoto yule alipopita aliinua kichwa akamwambia mume wangu, kuni zimekwisha. Naye akatoka mbio, kanzu ameishika juu kama mwanamke anayevuka mto, akarudi na vijiti vitano na ushindi mkubwa. Mama akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu nirudi. Shangazi naye alimwita kaka, mwanawe wa kumzaa, na alipotaka kumkaripia kwa kukojoa karibu na njia ilimbidi aanze kwa heshima: kaka yangu, mimi ni mdogo wako, lakini hapo panapita watu.

Mimi nilikuwa na shida moja tu, kupata radhi. Bila radhi sikuwa naweza kushuka tena, na kwa kweli hata pale juu nilikuwa nakaa kama mgeni, maana nilikuwa nimepanda nilipokatazwa. Nilimwomba mara ya kwanza. Akasema atafikiri. Mara ya pili akasema mtu hafikiri vizuri bila muwa, nikaenda kumtafutia muwa, akautafuna wote, akasema bado. Mara ya tatu nilikuwa namtoa funza, mwiba uko ndani ya kidole, nikaona hapa ndipo. Machozi yakamtoka, lakini akauma meno akasema hata nikimtoboa mpaka goti hanipi.

Jioni alitaka habari za reli. Nilikuwa nazo za kweli, nikaziongeza za uongo, na nilivyo na kipaji cha kusimulia, watoto wa mtelemko mzima walikusanyika. Baba yangu alikaa mbele yao kwenye kigoda na kuwanyamazisha. Akiona wameniamini sana aliwaambia huyu ni mwanangu.

Siku moja alitaka kuvushwa kijito. Maji yenyewe yalifika kwenye goti, lakini baba havuki kwa miguu, ndivyo alivyosema. Nikambeba mgongoni. Katikati ya maji nikasimama. Nikamwambia leo utanipa radhi au utaoga na kanzu yako. Nilitegemea atapiga kelele. Akaweka kidevu chake begani mwangu.

"Nikikupa utashuka," akasema. "Sasa mimi nitabaki baba wa nani?"

Maji yalikuwa baridi. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo kwa upumbavu wangu sikuwa nimelikumbuka hata siku moja. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Marehemu alikuwa baba yangu, sawa, lakini alikuwa mjomba wake yeye. Ndiye aliyemfundisha kutega panya, na ndiye aliyemtahirisha. Mimi nilikwenda Kingolwira nikajaza karai. Yeye alibaki, akaona siku zote tatu za kichomi, kisha wakamvalisha kanzu ile ile wakamwambia sasa ni wewe. Na mtu wa kwanza kumjia alimpiga kofi.

Sikumwambia samahani. Umri ule neno hilo lilikuwa halipiti kooni. Nikamvusha, nikamweka chini pakavu, na akili yangu, ambayo hata matajiri wa Kihindi wa mjini wanaisifu, ikafanya kazi. Nikamwambia: mtu anayetembea na baba yake njiani, nani atasema ameshuka bila neno lake? Twende wote. Ulione gari la moshi kwa macho yako, kisha uamue.

Alifikiri kidogo sana. Shangazi tulipomwambia alijifunika mdomo kwa nguo, mabega yanamtikisika, akasema hawezi kumkataza kaka yake safari.

Tukashuka. Kanzu tuliikunja kiunoni, kofia tuliijaza majani ndani ili ikae. Kila tuliyekutana naye nilimwambia huyu ni baba yangu. Wenyeji waliinama wakampa shikamoo, naye akagawa marahaba kama mtu anayegawa ubani. Lakini tulipokaribia Morogoro mjini tukakutana na askari wa Mdachi, mwenye tarbushi nyekundu na bunduki, mtu asiye wa huku. Akatuuliza huyu mtoto ni wa nani. Nikamweka nyuma yangu, maana kwa Mdachi jibu baya lilikuwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Baba yangu akasogea mbele akamwambia hapana, mtoto ni huyu mrefu, baba ni mimi. Askari akatutazama sana. Akauliza, na babu je, yuko wapi? Baba yangu akamjibu bila kucheka kwamba babu bado hajarithiwa. Yule askari alicheka mpaka akaegemea bunduki yake, akatuonyesha njia ya stesheni kwa mkono.

Reli ilikuwa imefika mjini siku chache tu zilizopita. Watu walijaa pande zote mbili, wamevaa nguo za Idi. Nikamweka baba yangu mahali pazuri, nikaanza kumweleza hiki ni nini na kile ni nini, hiki kifusi nilikibeba mimi, ingawa cha kwangu kilikuwa kule Kingolwira. Akatikisa kichwa polepole kama mnunuzi. Kisha ardhi ikaanza kutetemeka chini ya nyayo, kilio kikatoka mbali, na kitu cheusi kikaja, kinahema, kinapanuka.

Sijui alipandaje. Nilimsikia tu yuko mgongoni kwangu, mikono shingoni, magoti mbavuni, kofia imekwisha potea, na anaita. Haiti mama. Haniiti mimi. Anaita mjomba, mjomba. Gari likapita mbele yetu, likatupulizia moshi na mvuke, likasimama. Watu wakashangilia. Nami nikasikia maji ya moto yanateremka mgongoni.

Nikamwambia baba, umenikojolea. Akasema si yeye, ni gari limetutemea maji. Nikasema gari lilikuwa mbele, mimi nimelowa nyuma. Akasema ndiyo ujue lina nguvu. Tukatazamana. Tulicheka pale mpaka mama mmoja akatuuliza kama tuna wazimu. Tulikuwa tukinyamaza, mmoja anasema lina nguvu, tunaanza tena. Kofia tuliikuta imekanyagwa, akaivaa hivyo hivyo.

Tulirudi mpaka mlima unapoanzia, kwenye mto ambao mtu hunywa kabla ya kupanda. Nilikuwa nafua shati langu. Akasimama juu ya jiwe akasema amelitazama lile gari, si kubwa kama nilivyosema, na mtu anaweza kuishi nalo. Akanyoosha mkono. Akataka kikombe.

Alikuwa anajua. Kile kikombe nilikuwa nakificha katika nguo tangu nilipopanda, sikumwonyesha hata mama. Nikakitoa. Akakigeuza. Akachungulia ndani. Akagonga kwa ukucha, kikalia. Kisha akachota maji, maana kwetu baba akitoa radhi hujaza maji kinywani, akampulizia mtoto kifuani, akasema neno lake. Nikapiga magoti kwenye changarawe. Akajaza maji mashavu yote mawili, akainua kichwa, na kwa sababu alijua jambo kubwa huanza vipi, akakohoa mara mbili.

Na maji yako kinywani. Yalitoka puani, yakatoka mdomoni, mengine nadhani yalitoka masikioni. Yalinipiga usoni yote. Akapaliwa, macho yamemtoka, anapiga kifua, na kila akijaribu kusema anakohoa tena, kho kho, kho kho. Nilicheka nikaanguka kifudifudi. Nikacheka na changarawe mdomoni. Na kule chini, uso kwenye mawe, kicheko kikageuka bila kuniaga. Nililia. Nililia yale yote niliyokuwa nimeyafukia kwa udongo wa karai. Sikuona haya, na sioni haya kuyaandika, mimi mwenye lori.

Baba yangu hakujua la kufanya na mtoto anayelia. Alinizunguka mara mbili. Akaukata muwa wake wa safari, akanipa kipande cha chini, kitamu. Aliponiona nimekaa akachota maji tena, safari hii akakohoa kwanza, akameza mate, ndipo akajaza kinywa. Akanipulizia kifuani vizuri.

"Shuka, upande," akasema. Akanitazama kuona kama inatosha. "Shuka, upande. Shuka, upande. Shuka, upande."

Hakujua yanatakiwa mangapi, basi akaendelea mpaka pumzi ikamwishia.

Nimeshuka, na nimepanda. Nilishuka na ndizi kichwani, nikashuka na kabichi, nikashuka na baiskeli, sasa nashuka na lori, na kila mara nimerudi juu. Wenzangu wa Kingolwira wengi hawakurudi. Watu husema ni akili yangu, na akili ninayo, siikatai. Lakini safari zile alizonipa pale mtoni bado sijazimaliza.

Yeye ana wajukuu sasa, na tumbo. Siku ya safari hukaa mbele, karibu na dirisha, kikombe kimebanduka rangi mapajani mwake, na mimi mwenye gari nashuka kwanza, nazunguka upande wake, natoa shikamoo. Huitikia marahaba mwanangu. Kisha hukohoa mara mbili, kinywa kikiwa kitupu, ndipo huchota maji.